Supu Katika Chombo cha Maziwa

Nilifika Kigali miezi michache kabla mwaka 1994 haujaisha, nikiwa na sanduku moja, visu vinne vilivyofungwa kwenye taulo, na diploma ya upishi wa hoteli ndani ya bahasha ya plastiki. Wengine waliorudi mwaka ule kutoka uhamishoni walikuja na mabati, magodoro, hata ng'ombe. Mimi nilikuja na elimu, na elimu hiyo sikuachiwa na baba wala mjomba. Niliianzia kwenye karo la kuoshea vyombo katika hoteli moja ya Tabora, nikaimaliza mbele ya wakufunzi watano, ambao niliwapikia mlo wa sahani sita peke yangu. Mmoja wao aliomba aongezewe.

Nayasema haya mapema kwa sababu nitakayoeleza yanaweza kumfanya msomaji anidhanie mjinga. Sikuwa mjinga. Kulikuwa na jambo moja tu nisilolijua, na bahati mbaya kila mtu katika ua nilikokuja kuishi alilijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Mwaka ule katika mji ule una habari zake nzito, na wapo waliobaki ambao ndio wenye haki ya kuzisimulia. Mimi sikuwapo. Nilikuta nyumba zisizo na vioo, foleni za jerikeni kwenye mabomba, umeme unaokuja bila hodi na kuondoka bila kuaga, na watu waliozungumza kwa sauti ya chini. Mimi nitasimulia supu, kwa kuwa hiyo naijua tangu mfupa hadi tone la mwisho.

Kazi niliipata wiki ya kwanza. Shirika moja la misaada lilikuwa na jiko kando ya barabara ya uwanja wa ndege, likilisha madereva, makarani na wageni wake. Aliyekuwa mkuu wa jiko alinipa kitunguu kunijaribu. Nilikikata vipande vyembamba hata ungeweza kusoma barua ukiviweka juu yake. Kufika Novemba yeye alikuwa amehamishwa na jiko lilikuwa langu.

Kitu kilichoniudhi pale kilikuwa shimo. Nyuma ya jengo palichimbwa shimo la taka, na kila siku ndani yake ilikwenda mifupa ya ng'ombe yenye nyama za kuning'inia, magoti mazima, shingo za kuku, maganda ya vitunguu, vichwa vya karoti na majani ya seleri. Mji mzima unatafuta cha kutia tumboni, sisi tunalisha shimo! Nikaandika barua kuomba mabaki. Barua ilitiwa sahihi, na tangu siku hiyo nilirudi nyumbani kila alasiri na ndoo yenye mfuniko, nikitembea kifua mbele kama mtu aliyebeba sanduku la kura.

Nyumbani palikuwa Kabeza, katika ua mmoja wenye nyumba ya mbele na chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma kilikuwa changu. Nyumba ya mbele alikaa mama mmoja wa makamo, aliyerudi kutoka Uganda, pamoja na binti wa marehemu kaka yake, ambaye alikuwa muuguzi kwenye zahanati. Watu wote walimwita mama yule Shangazi, nami nikamwita hivyo. Ng'ambo ya ua wa michongoma alikaa fundi cherehani, Mwislamu, mzaliwa wa Kigali, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi wetu. Nyumba yake iliwahi kuwa na watu sita. Sasa alikuwa peke yake, na jiko lake halikuwashwa. Bakuli la kwanza la supu yangu lilikwenda kwake. Alilipokea juu ya michongoma, akanywa amesimama, akalirudisha.

"Umeweka karafuu," alisema.

"Moja tu."

"Moja inatosha. Kesho usisahau."

Tukawa marafiki hivyo.

Sasa nieleze supu yenyewe, maana watu wengi wanachemsha mifupa halafu wanadhani wametengeneza supu. Mifupa kwanza huchomwa juu ya makaa mpaka iwe rangi ya kahawia. Kisha hutiwa katika maji baridi, si ya moto, na moto hupandishwa polepole. Povu likitokea huenguliwa kwa upawa, tena na tena, bila uvivu. Hapo ndipo huingia maganda ya vitunguu kwa ajili ya rangi, karoti, seleri, tone la siki la kuitoa gundi mifupani. Chumvi hapana, mpaka mwisho. Na isitokote! Inatakiwa itetemeke tu kwa saa tano au sita, kama mtu anayejizuia kucheka. Halafu unaichuja kwa kitambaa, unaikalisha ndani ya karai la maji ipoe haraka, na mafuta yanapanda juu na kuganda. Mafuta hayo usiyatupe, ndiyo kifuniko chake. Chini yake supu inaganda ikitikisika, na kwa baridi ya Kigali ya wakati wa mvua inakaa siku nne, tano, hata bila friji, ilimradi kila siku uichemshe upya. Haya yote yaliandikwa kwenye daftari langu, lakini mikono yangu haikulihitaji tena daftari.

Shangazi aliugua mvua zilipokaza. Kifua kilimbana, chakula akakataa. Binti alikuja mlangoni kwangu akiwa bado na sare ya zahanati.

"Ile supu yako anayoisifia fundi," alisema, "imebaki?"

Nilimpelekea mwenyewe, katika kikombe cha bati. Shangazi alikuwa amejifunika shuka mbili. Alikitazama kikombe, akamgeukia binti na kumuuliza kitu kwa Kinyarwanda. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilielewa: anauliza kama yeye mwenyewe leo amekunywa maziwa.

"Maziwa yatoke wapi, Shangazi?" binti alijibu. "Mji huu una wiki tatu haujaona maziwa."

"Basi lete."

Nilidhani ni mambo ya tumbo. Nilitikisa kichwa kama mtaalamu na kusema kwamba ni kweli, mafuta na maziwa kwa pamoja humlemea mgonjwa. Shangazi alinitazama kwa muda, kisha akanywa.

"Wewe mtoto wa Tabora," alisema alipomaliza, "hii maji yako iko na nguvu. Nani alikufundisha?"

"Nina diploma, Shangazi."

"Diploma ya maji?"

"Ya upishi. Na uhifadhi wa vyakula."

"Ayi we!" alisema, akamtazama binti, wakacheka wote wawili, yeye kwa kukohoa. Tangu hapo aliniita Diploma, wala sikuona ubaya. Mtu huitwa kwa kitu alichonacho.

Siku kumi nilimpelekea supu, na siku ya kumi na moja alikuwa ameketi barazani akipanga kuni na kumkaripia muuza mkaa. Kwa siku hizo mimi na binti tulikuwa tumezungumza sana, na kabla ya mwezi kwisha niliamua kumuoa. Yeye aliamua kabla yangu, kama alivyoniambia baadaye, siku niliyompa fundi bakuli bila kumdai chochote. Lakini baba yake alishafariki, na neno la mwisho lilikuwa la Shangazi. Fundi alikubali kuwa msemaji wangu. Alivaa kofia yake ya vitobo, akavuka uani, akazungumza vizuri mno, kwa nusu saa nzima, juu ya tabia yangu, ambayo hata mimi sikujua ni nzuri kiasi kile.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakwenda Umutara kumwona kaka yangu aliyebaki, huko kwenye ng'ombe," alisema. "Nitajibu nikirudi."

Hivyo nilibaki na jibu lililopanda lori kwenda Umutara. Binti naye alikwenda kulala kwa mfanyakazi mwenzake, mtaa wa Kagugu, maana haikufaa abaki na mchumba ua mmoja. Shangazi aliniachia ufunguo wa stoo tuliyotumia wote kwa mkaa, akasema nilinde.

Wiki hiyo kazini kulikuwa na karamu ya kuwaaga wageni. Ng'ombe mzima! Nilirudi na magoti manne, mkia, na mifupa ya paja yenye uboho mnene kama mshumaa. Niliona hii ndiyo nafasi. Shangazi atarudi amechoka na vumbi la safari, nami nitampokea kwa supu ambayo haijawahi kupikwa katika mji ule. Nilipika tangu asubuhi ya siku yangu ya mapumziko hadi jua lilipokaribia vilima. Niliichuja mara mbili. Nikaipunguza mpaka ikashika mgongo wa kijiko. Nikiikumbuka leo, bado naiheshimu.

Tatizo lilikuwa chombo. Sufuria kubwa lilikuwa la kazini na lilitakiwa kesho yake. Ndoo ya mabaki haifai, plastiki inatunza harufu. Vyombo vyangu vingine vilikuwa vikombe viwili na bakuli lililokuwa kwa fundi. Nikaingia stoo kutafuta, na juu ya rafu, kimefunikwa kitambaa safi, nikakiona.

Kilikuwa icyansi, chombo cha mti cha kutilia maziwa. Kilichongwa kutoka gogo moja, cheusi kwa umri, shingo nyembamba na tumbo pana, na juu yake kofia ndefu ya ukindu iliyosukwa kwa mistari. Nilikuwa nimemwona Shangazi akikiosha kwa maji ya moto, akikifukiza kwa moshi wa nyasi kavu, kisha akikirudisha rafuni kikiwa kitupu. Kila wiki, kitupu. Nilimhurumia, mama wa watu, anatunza chombo kisicho na kazi.

Hapa naomba msomaji afuate hesabu zangu, maana hazikuwa na kasoro. Mti haupitishi joto haraka, kwa hiyo kitu kitakaa baridi. Moshi unaua wadudu, jambo ambalo tulifundishwa mwaka wa pili. Shingo nyembamba inapunguza hewa, na mafuta yakiganda pale shingoni yanakuwa kizibo kamili. Hakuna kiwanda kingetengeneza chombo bora zaidi cha kuhifadhia supu. Nikashangaa kwamba watu wangu wamekuwa nacho miaka yote hiyo na hakuna aliyegundua. Nikamimina.

Sisi Tabora hatukuwa na ng'ombe. Baba alikuwa akipakia magunia kwenye mabehewa, na ng'ombe walikuwa majina tu aliyoyaimba akinyoa ndevu. Aliyaimba vizuri. Lakini hakuwahi kuniambia nini kinaingia kwenye chombo chao na nini hakiingii. Labda alidhani jambo kama hilo halihitaji kuambiwa.

Shangazi alirudi Jumamosi alasiri. Lori lilimshusha barabarani, na binti, ambaye alikwenda kumpokea, alibeba mfuko. Lakini jerikeni ya njano Shangazi aliibeba mwenyewe. Ilikuwa maziwa. Alikuwa amependeza, amenenepa kidogo, na alikuwa akiita watu tangu langoni.

"Fundi! Wewe Diploma! Tokeni! Nimeleta maziwa ya nyumbani. Leo tutakunywa maziwa ya Rwanda ndani ya Rwanda!"

Tukaketi barazani. Fundi alinipiga kiwiko. "Mtu anayekuja na kukataa," aliniambia kwa kunong'ona, "haji na maziwa."

Shangazi aliomba ufunguo, akaenda stoo, akarudi amekumbatia kile chombo kwa mikono miwili, anatabasamu na kushangaa.

"Iko nzito," alisema. "Niliacha tupu. Nani ametia maziwa?"

"Si mimi," alisema binti. "Mimi nilikuwa Kagugu."

Nikasimama. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo siku mbili. "Ni mimi, Shangazi. Nimekuandalia."

Uso wake ulifunguka namna ambayo sijapata kuuona tena mara nyingi. Nilikuja kuelewa baadaye: alidhani nimehangaika mji mzima kutafuta maziwa ili asikute chombo chake kitupu, jambo ambalo kijana mwenye adabu, anayeoa katika nyumba ya watu wa ng'ombe, angelifanya.

"Wewe? Uliyapata wapi, mwanangu?"

Mwanangu! Alifunua kofia ya ukindu. Ndani palikuwa peupe, pameganda vizuri.

"Na siagi imeshashika juu," aliwaambia wengine kwa fahari, akachovya kidole, akaonja.

Akakitazama kidole.

"Hii ni nini?"

"Supu, Shangazi. Magoti ya ng'ombe na mkia. Hayo meupe ni mafuta yake, yanazuia hewa."

Binti alifunika mdomo. Fundi aliweka kikombe chake kitupu chini. "La haula," alisema polepole.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nilieleza. Nilieleza habari za mti na joto, za moshi na wadudu, za shingo nyembamba na hewa, na kadiri walivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kueleza, nikidhani hawajaelewa. Shangazi alirudisha kofia ya ukindu taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kisha akakiweka chombo miguuni pangu.

"Ng'ombe za kaka yangu zikikauka chuchu," alisema, "zitanyonyesha ndama na diploma yako?"

Alichukua jerikeni, akamimina maziwa katika jagi la plastiki, akaingia ndani. Binti alimfuata bila kunitazama. Jibu langu lililotoka Umutara liliingia nao, mlango ukafungwa.

Fundi ndiye aliyenifundisha siku hiyo kile ambacho chuo hakikufundisha. Nyama na maziwa havikutani. Havikutani tumboni siku moja, na havikutani katika chombo milele. Wenye ng'ombe wanaamini kwamba maziwa yaliyoguswa na nyama humrudia ng'ombe aliyeyatoa, matiti yakaugua. Chombo kilichoingia nyama hakirudi tena kwenye maziwa.

"Nitakiosha," nilisema. "Nina siki, nina majivu. Nitakichemsha. Naweza kukitakasa kwa kiwango cha hospitali."

"Kijana, ukikiosha mara mia kitakuwa safi. Nani amesema ni kichafu?"

Binti alinikuta kwenye michongoma kesho yake akanieleza sehemu iliyobaki. Chombo kilikuwa cha mama yake Shangazi. Walipokimbilia Uganda zamani zile, bibi huyo alivuka mpaka amekibeba, na nyumba nzima imebaki nyuma. Kule Uganda kilipata maziwa siku nyingine na siku nyingine hakikupata, lakini kilifukizwa kila wiki. Shangazi alikirudisha amekipakata njia nzima, juu ya gari lililojaa watu.

"Amelia?" niliuliza.

"Afadhali angelia. Anafagia. Amefagia ua mara tatu leo."

"Na jibu letu?"

"Umutara walikubali. Lakini sasa hasemi lolote, nami simuulizi."

Nakiri kwamba siku tatu zile nilijiona mdogo. Sikuwa nimezoea. Maishani nilikuwa nimekosa vitu vingi, lakini kosa la namna hii, la kuharibu kitu kwa werevu, sikuwahi kulifanya. Nilimpita Shangazi nikitoka kazini na ndoo yangu, nikamwamkia, naye akaitikia kwa ufagio. Chombo kilibaki chumbani kwangu. Kila siku niliitoa supu, nikaichemsha, nikaipoza, nikairudisha, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuiweka na sasa haikuwa na tofauti tena. Na ukweli usemwe hata kama unauma: ilihifadhika vizuri kuliko katika chombo chochote nilichopata kutumia.

Siku ya nne fundi alivaa tena kofia yake ya vitobo.

"Twende tukaombe radhi," alisema. "Nitazungumza mimi. Wewe utainamisha kichwa. Hicho mkononi ni nini?"

"Diploma."

"Ya nini?"

Sikujua ya nini. Nadhani nilitaka niwe na kitu cha kushika.

Shangazi alitukaribisha sebuleni, binti akaketi kwenye kigoda karibu na mlango wa ndani. Nje mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye migomba. Nilikuwa nimekibeba chombo kile pamoja na supu iliyomo, nikakiweka mezani. Fundi alianza vizuri, kwamba kijana huyu ni yatima wa ng'ombe, kwamba amekulia kwenye reli, kwamba hakuna mtu anayemfukuza kipofu kwa kujikwaa. Shangazi aliinua mkono.

"Hiyo karatasi," aliniambia. "Ndiyo diploma yenyewe?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Soma."

Nikaitoa kwenye bahasha, nikasoma, nikimtafsiria kila mstari. Usafi wa jiko. Nyama na samaki. Mboga. Supu na michuzi, ambayo nilipata daraja la juu kabisa. Hapo nilisita kidogo ili asikie. Uhifadhi wa vyakula, daraja la juu.

"Maziwa haiko?"

Nikatafuta. "Ipo. Maziwa na mazao yake."

"Ulipata nini?"

"Daraja la pili, Shangazi."

Alimtazama fundi, fundi akatazama dari. Binti pale mlangoni alianza kutikisika mabega.

"La pili," alisema Shangazi. "Umeona? Kile kidogo walichokunyima kule, umekuja kukimalizia ndani ya chombo cha mama yangu."

Fundi ndiye aliyeshindwa kwanza. Alicheka mpaka kofia ikamwangukia mapajani, na mimi nilisikia kicheko chake kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Binti alicheka. Shangazi hakucheka, lakini aliisugua pua yake kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji kusuguliwa pua.

"Nisamehe, Shangazi," nilisema. Sikueleza kitu kingine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ule mlo wa sahani sita.

"Sikiliza," alisema. "Mama yangu alibeba chombo hiki ili siku moja kirudi. Kimerudi. Kazi yake iliisha. Sasa hiki ni cha supu, kitakaa kwako, na usikiuze wala usikipasue. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Lakini nyumba yangu haiwezi kukaa bila chombo cha maziwa. Utaniletea kingine."

"Hata kesho, Shangazi! Nitamtafuta mchongaji bora—"

"Subiri. Chombo cha maziwa hakiletwi kitupu."

"Nitakileta kimejaa."

"Kikijaa tutakunywa, kitakwisha siku hiyohiyo. Ukilete pamoja na yanakotoka."

Nilikuwa nafungua mdomo kumuuliza maziwa ya Kigali yanatoka wapi siku hizi, nipate kumpa ratiba ya malori. Fundi alinikanyaga mguu.

"Kaa kimya, bwana wewe," alisema, akasimama na kumwinamia Shangazi kwa mikono miwili. "Ng'ombe wa mahari tumemsikia, mama. Tutamleta, na ndama wake tumboni, Mungu akitujalia. Tunashukuru." Kisha akanigeukia. "Shukuru basi! Umepewa mke na bado unakaa kama mtu anayengoja chenji!"

Ndipo nikaelewa. Nilimtazama binti. Alikuwa ameinama akipanga ukingo wa kanga yake, lakini niliona shavu limevimba kwa tabasamu. Nikashukuru kwa Kinyarwanda, vibaya, na mara hii hakuna aliyenisahihisha.

Mvua ilianza kupiga mabati. Shangazi aliinuka, akakigusa kile chombo kwa mgongo wa kidole, kama unavyompima mtoto homa.

"Hii supu ni ya siku ngapi?"

"Siku ya sita leo. Nimeichemsha kila siku. Haijabadilika hata kidogo."

"Ipashe moto basi. Kwa vikombe vinne."

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipokumbuka, na safari hii nilikumbuka kabla, si baada. Nikageuka.

"Lakini Shangazi, maziwa. Leo—"

"Leo sijanywa," alisema.

"Tangu asubuhi," binti aliongeza, akiinua macho. "Nilimwekea kikombe mezani akakirudisha. Nikamuuliza anaumwa, akasema haumwi, anasubiri wageni."

"Nenda ukapashe," alisema Shangazi, "kabla sijabadilisha mawazo. Na uweke chumvi. Ile ya Jumamosi haikuwa na chumvi."

Nilitaka kumweleza kwamba chumvi haitiwi mpaka mwisho. Nikakibeba chombo, nikaenda kuwasha mkaa.